Gita la Kwaya Lililoingia Matope

Sisi tuliokulia Old Korogwe hatukuijua Jumamosi ya kulala. Alfajiri unafagia uwanja, unafua sare za shule, unachambua maharage ya makande, ndipo uruhusiwe kwenda kucheza rede mpaka miguu ifanane na udongo. Nyumbani kwetu kulikuwa na kazi moja zaidi: kusafisha gita la besi. Mama yetu, Mshambaa aliyeshuka kutoka milimani alipoolewa, ndiye aliyelipiga kwenye kwaya ya kanisa. Mama wa kuimba watu walimzoea. Mama wa kupiga besi, khanga imekazwa kiunoni, walikuja kumtazama hata majirani zetu Waislamu, wakasimama dirishani.

Masika moja mto Pangani ulifura, maji yakaingia stoo ya kanisa. Gita, lililokuwa limeachwa humo baada ya mazoezi, likatolewa limejaa matope hadi kwenye vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Nasi wanakwaya tulikuwa tumealikwa kuimba kwenye kanisa la Hale, mji wa jirani. Mzee Shemhilu, mwenyekiti wa kwaya, aliliangalia akatikisa kichwa.

"Mama Nuru, hili limekwisha. Hale tutamwita kijana mmoja wa Handeni, ana gita lake."

"Sawa, mzee. Lakini naomba nikalioshe kwanza."

"Unaosha maiti?"

Mama alilibeba mgongoni kama mtoto mgonjwa, mimi na mdogo wangu Eliza tukimfuata nyuma. Njia nzima aliwapita majirani bila kusimama kupiga soga, na mama yetu alikuwa msemaji. Tukajua ameumia. Kijana wa Handeni akishapiga mara moja, nani angemrudishia mama nafasi yake?

Tulipofika alifungua nyuzi zote akazichemsha kwenye sufuria ya makande. Baba alirudi akiwa na njaa, akafunua mfuniko, akaurudisha taratibu. "Leo tunakula waya," alisema, akaenda kukaa barazani.

Gita lenyewe mama alililaza kivulini. Eliza alitaka tulianike juani likauke upesi, mama akamzuia: "Jua litaupinda ubao. Mti ulionyweshwa hauharakishwi." Lilipokauka alitupa miswaki ya zamani. Tukasugua matope kando ya kila chuma, polepole, tukifuata mistari ya mbao, mama akikagua kwa ukucha. Kutu alisugua mwenyewe kwa stilwaya laini, huku akiwa amefunika mbao kwa karatasi isikwaruzwe. Mwisho Bibi Zaina, jirani yetu Mzigua, alileta mafuta ya nazi kwenye kifuniko cha chupa.

"Shikamoo, bibi," tulisema.

"Marahaba. Mama yenu akipiga, mie husimama pale dirishani. Basi na lipone."

Mama alipaka tone moja moja kwa kitambaa, akafuta mpaka mkono haukuteleza. Mbao zile zilizokuwa zimepauka zikarudi kuwa nyeusi, zinang'aa kama kahawa. Fundi redio wa mtaani akaunga waya za ndani za umeme. Jioni mama akafunga nyuzi, akabonyeza kila sehemu kuanzia juu hadi chini, akisikiliza kama kuna mlio wa kukwaruza. Ulikuwepo mmoja tu. Alirudia kusugua pale mpaka ukatoka. Kisha akacheka, peke yake, nasi tukaanza kurukaruka.

Hale alipiga yeye, wala kijana wa Handeni hakuitwa. Sauti ile nzito ilipita chini ya nyimbo zetu, mabenchi yakatetemeka, wenyeji wakasimama wakipiga makofi. Ibada ilipokwisha Mzee Shemhilu hakutoa hotuba. Alilichukua gita mikononi mwa mama, akalibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari, na tangu siku ile hakuna aliyetaja tena mpigaji mwingine.

Leo vijana wetu wana magita ya kumetameta na simu zinazowaambia kama nyuzi zimekaa sawa. Uzi ukilia vibaya wanasema "hili bovu", wanataka jipya. Siwalaumu, wamezaliwa kwenye wakati wa vitu vingi. Ila nawaonea huruma kidogo, maana hawakuwahi kukaa kivulini na mama kutwa nzima, wote wameinamia kitu kimoja, wanakisugua bila kujua kama kitapona. Sisi tulipewa siku ile. Namshukuru Mungu, na namshukuru mama, ambaye mpaka leo nikimpigia simu anaanza kwa kuniuliza nimekula nini.