Manowari ya Baba

Umeme ukikatika hapa Randburg, Joburg, jirani yangu huwasha jiko la mafuta ya taa, nami hufunga dirisha. Si madaha. Harufu ile hunirudisha Malvern, kwenye chumba chetu cha uani karibu na Jules Street, ambako mama yangu, mwanamke wa Tanga asiyejua kukaa bure, alikaanga sambusa za kuuza kila nilipotoka shule.

Nilikuwa na miaka tisa, mjuaji kupita kiasi. Baba, aliyependa kusema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia kwenda Durban. Alimpigia mama simu mara moja tu: “Leo naingia melini.” Kisha kimya. Wakubwa walijua kwamba amezamia, yaani amejificha kwenye meli ya mizigo ili afike Ulaya bila nauli wala pasipoti. Mimi niliambiwa tu kwamba baba yuko melini. Meli gani, hakuna aliyesema, nikajichagulia mwenyewe.

Niliipata kwenye magazeti ya kufungia sambusa: manowari ya kubeba ndege, ndefu kuliko mtaa wetu. Nilisoma Kiingereza chake kwa kidole. Tumboni ina vinu viwili vya nyuklia. Joto lake huchemsha maji, mvuke huzungusha rafadha zinazoisukuma meli, na mvuke huohuo huirusha ndege kutoka kwenye sitaha fupi. Ndege ikirudi, ndoano ya mkiani hunasa waya uliotandazwa, ikasimama papo hapo. Hata maji ya kunywa meli hujitengenezea kutoka baharini. Lakini lililonikaa moyoni ni moja: hukaa zaidi ya miaka ishirini bila kutiwa mafuta.

Basi! Jiko letu liliishiwa mafuta kila baada ya siku tatu, na kila likizima nilitumwa spaza, kiduka cha mtaani, na chupa. Watu hurudi bandarini kwa sababu mafuta yameisha, nikawaza. Meli ya baba haiishiwi. Hajatuacha, hajapata tu sababu ya kusimama.

“Eish, Mama, si ati hataki kurudi,” nilimweleza kwa Kiswahili changu cha Joburg kinachochechemea. “Meli yao haitaki petroli. Miaka twenty!”

Mama akacheka, nami sikuwa nimemsikia akicheka siku nyingi. Tangu hapo kila jioni aliniambia, “Hebu Tatu, nieleze tena hiyo meli ya baba'ko.” Nikajiona mwalimu.

Siku moja akauliza swali la mpishi. “Mna watu wangapi humo?”

“Elfu tano.”

“Elfu tano! Nao wanakula nyuklia?”

Tulicheka sote. Kisha nikautafuta ukurasa ambao sikuwa nimeumaliza. Ulisema chakula huisha, kwa hiyo meli nyingine huja ubavuni na kupitisha mizigo kwa kamba nene, zote mbili zikiwa mwendoni. Na ndege hutua sitahani na vipuri na… “Barua, Mama!” nilipiga kelele. “Ndege inaleta barua!”

“Na wanazoandika wao, inachukua pia?”

“Ee, kila mara!”

Mama akabaki na mwiko mkononi. Sambusa zikaungua, yeye ambaye hakuwahi kuunguza kitu. Akazima jiko.

Alikwenda kumwona sheikh, na Ijumaa iliyofuata akasomesha hitima. Wanawake wa Tanga na Unguja walijaa chumbani. Jirani yetu Mama Divine, Mkristo wa Burundi, alijifunga kitambaa kichwani akatumenyea vitunguu. Nilisimama katikati yao nikapayuka kwamba baba hajafa, mafuta bado hayajaisha. Nilimchukia mama siku ile, nasema wazi. Nilimwona mjinga asiyeelewa mashine.

Hakunikaripia. Alinivuta akanipakata mbele ya wageni. “Nimeelewa, mwanangu,” alisema. “Umenieleza vizuri sana.”

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jioni zile mama alikuwa ananifurahisha tu. Sasa nami nina mtoto, naijua sauti ya mzazi anayemfurahisha mtoto, na yake haikuwa hiyo. Alijua fika kwamba manowari haibebi wazamiaji. Hata hivyo aliipanda pamoja nami, jioni baada ya jioni, kwa sababu hapakuwa na meli nyingine ambamo mumewe alikuwa hai. Na ukurasa uliomshusha, ule wa barua ambazo sisi hatukupata hata moja, nilimsomea mimi, tena kwa furaha.