Nyanya za Chini ya Dirisha la Baba Mkwe

Siku niliyorudishiwa nyanya naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Ilirudi kwenye sahani ya bati, imekatwa vipande vinne, na kimoja tu ndicho kilichong'atwa, tena pembeni.

Naanza na hiyo kwa sababu juzi umeniletea nyanya zako za kwenye ndoo, zile ulizopanda nyuma ya chumba chako pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini. Nilikula, nikasema asante, nikasema na tamu ni tamu. Mungu anisamehe: zilikuwa na ladha ya maji ya bomba. Usinune. Mimi nilifika huko kabla yako, tena nikiwa na cheti cha kidato cha nne.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yalikuwa na sabuni tena, na malori ya wanunuzi yalipanda mpaka kwetu Kinyala kutafuta mazao. Wenzangu walikimbilia mitumba. Mimi nikaolewa, nikaona nimepata kazi inayonifaa, maana sikupenda kutoka. Hata chumvi niliagiza. Hakuna aliyenionya kwamba kukaa nyumbani kwa wakwe nako kuna mbio zake.

Ninyi wa siku hizi mnakaa na baba mkwe kochi moja mnaangalia mpira. Sisi tulikuwa hatuonani kabisa. Ukisikia anakuja njiani, unaingia migombani mpaka apite. Sauti yake utaisikia ila hamsemezani, uso wake huutazami, na yeye wako hautazami vilevile. Ndivyo tulivyoheshimiana.

Sasa mzee wangu alikuwa fundi wa nyanya. Mvua ya Rungwe unaijua, haina adabu na majani ya nyanya. Kwa hiyo alizipanda upenuni, akaziegemeza kwa mianzi, kwenye ukuta uleule wenye dirisha la chumba chake. Mwaka ule akaugua kichomi. Akalala humo, uji anakunywa vijiko viwili, ndizi hataki hata harufu. Asubuhi moja mama mkwe akaja jikoni kwangu, akakaa chini.

"Anasema labda nyanya," akasema. "Nyanya tupu na chumvi. Mimi mgongo hauinami, kachume wewe."

Nikachume wapi, mwanangu? Chini ya dirisha lake! Nikajifunika kanga, nikainama kama mwizi, nikanyofoa tatu za kwanza nilizoshika, kijani kabisa, nikatimka. Wala sikuona kosa. Wanunuzi wa malori walichukua za kijani wakisema zitaivia njiani, nami nikajiona mtu wa kisasa. Nikazifungia kwenye chungu pamoja na ndizi mbivu. Siku ya nne zikatoka nyekundu, zinang'aa. Nikaikata moja, nikampa mama mkwe apeleke, kwa majivuno yote.

Ndiyo iliyorudi.

"Mzee anasema," mama mkwe akaniambia, "nyanya yako imevaa sare, lakini shuleni haijafika." Akacheka. Kisha akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Cheka na wewe, lakini leo tena hajala."

Nilipaswa kurudi bustanini siku hiyohiyo, maana kulikuwa na zilizokuwa zinaiva vizuri mtini. Sikurudi. Nilisubiri mzee atolewe kuota jua, nipate nafasi. Jua lenyewe halikutoka. Ikaja mvua ya upepo, ikaingia mpaka upenuni, na zile nzuri zikapasuka. Nikaokoa moja, nikakata palipobaki pazima. Hiyo hakuiweka hata mdomoni, na safari hii hakutuma utani wowote. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jua liliwaka siku mbili. Alasiri ya pili nilikuwa nimesimama pembeni ya nyumba na bakuli langu, nachungulia, narudi, nachungulia tena. Nikasikia sauti yake kutoka ndani, nyembamba.

"Mama Lusajo!" Lusajo ndiye mume wangu. "Huyo mtu anayechungulia hapo nje, mwambie nimegeukia ukutani. Sigeuki mpaka amalize."

Kitanda kikalia, naye akaguna. Upande ule aliolalia ndio uliokuwa ukimchoma. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu kifua chake kilitaka hewa.

"Anasema amegeuka," mama mkwe akanipazia sauti.

"Nimesikia, mama."

"Mwambie asidanganywe na wekundu wa tumbo. Aangalie mabega, pale kwenye kikonyo, ukijani uwe umekwisha."

"Anasema mabega."

"Nimesikia, mama."

"Kama anasikia, wewe unarudia nini?" mzee akauliza.

"Nisiporudia mtakuwa mnaongea wenyewe kwa wenyewe," akajibiwa.

Mzee akakohoa, nadhani na kicheko kilikuwamo. "Abonyeze kwa dole gumba, taratibu. Ikiwa ngumu kama goti, aiache. Ikizama, amechelewa. Iitikie kidogo tu. Halafu ainuse kikonyoni. Na asivute, aikunje kwenye fundo la kikonyo. Iliyo tayari inaachia yenyewe."

Kwa mara ya kwanza niliinama pale bila kukimbia. Nilizishika moja moja. Pumzi yake niliisikia inavyokatika, nikataka kufanya upesi apate kugeuka.

"Asiharakishe," akasema.

Nilichuma mbili tu. Zilikuwa na joto la jua bado. Nikakata, nikatia chumvi, nikampa mama mkwe, nikabaki jikoni sijui nikae au nisimame. Mama mkwe aliporudi, alikuwa anatembea haraka kuliko mgongo wake ulivyoruhusu.

"Ndaga," akasema. Ndivyo wazee wetu wanavyosema asante. "Amesema ndiyo yenyewe. Na anauliza kama ndizi zipo."

Nikamenya ndizi, mwanangu, nalia na kamasi juu.

Basi nyanya zako usizikimbilie zikiwa kijani. Hao wa malori wana safari ndefu, wewe una hatua tatu mpaka jikoni. Subiri wekundu ufike mabegani, bonyeza, nusa, kunja. Baada ya mvua kubwa zipe jua siku mbili, uchume alasiri. Ukiona wingu baya linakuja, chuma zile zilizokwisha kuanza kuona haya, wekundu umezigusa kidogo, ziivie ndani, mbali na jua na mbali na hilo friji lako. Na kama kuna kitu kinakutisha pale penye bustani, kiseme mapema. Mimi nilinyamaza, na mgonjwa ndiye aliyelala na njaa.

Mungu akubarikie mikono yako. Na akiwapo nyumbani mwako aliyekataa chakula chote, akujalie wewe uwe wa kumrudishia hamu ya kula.