Mkono Puani

Fundi Sindano alilelewa na dada yake tangu akiwa mchanga. Dada alipozidiwa na saratani ya titi, yeye alijificha nyuma ya cherehani wiki tatu nzima, akisingizia wingi wa sare za shule. Alipokwenda hatimaye, harufu ya kidonda ilimpokea mlangoni, na mkono ukaenda puani wenyewe. Dada aliona.

“Fungua dirisha, mdogo wangu,” akasema taratibu. “Hata mimi inanikera.”

Akafungua, akabaki amempa mgongo, uso ukimwaka kwa aibu. “Nisamehe, dada.”

“Njoo ukae. Kwani nepi zako zilinukia marashi?”

Akakaa, akamshika mkono mpaka dada akasinzia. Kesho yake akafariki.

Mazikoni jirani alimwambia, “Ndugu kama wewe ni wachache.” Fundi akainamisha kichwa, akautazama ule mkono uliokwenda puani.