Siku Avokado Ilipoondoka na Bafu Yangu

Aibu hii ningeinyamazia, lakini Manyatta yote inaisimulia vibaya, afadhali niisimulie mwenyewe.

Upepo ulilaza ile avokado ya mke wangu, aliyoipandikiza kwa mkono wake (mimi darasani sikukaa sana, kupandikiza sijui), mizizi ya upande mmoja ikabaki juu. Akaniambia, “Baba Wanja, kata matawi ya juu uzito upungue, ndio tuuinue, halafu uweke nguzo.”

Maneno mazuri. Lakini mti ulikuwa na matunda, na siku hiyo muthoni wetu, mama ya mke wa kijana wetu, alikuwa anakuja na wenzake, nami nilitaka ayaone yakining'inia, aache kusema kwetu ni kukavu. Sikukata hata tawi moja. Tukauinua na majirani, tukafukia mizizi, na kamba nikaifunga wapi? Kwa nguzo ya bafu, ile ya mabati, maana kuchimba shimo niliona ni kujisumbua.

Halafu nikaingia kuoga.

Sasa mtu amejipaka sabuni mpaka machoni, anasikia wageni langoni, anasikia na upepo. Mti na majani yake yote ukarudi kulala pale pale, kamba ikakaza, bafu ikaondoka. Mimi sikuondoka. Nilibaki juu ya jiwe la kuogea na karai mkononi (na karai, nawaambia, haifuniki mbele na nyuma).

Kwetu mtu na muthoni wake hata kusalimiana ni kwa adabu. Yeye aligeuka haraka akaangalia mlima. Mwenzake hakugeuka.

“Mzee, tungoje umalize, ama tukusugue mgongo?”

Mke wangu alinipita na panga bila kunitazama. “Wewe utapona,” akasema. “Huu mti ndio sijui.”

Wageni hao hao wakaweka vyondo chini, wakajifunga leso, wakashika mti huku mke wangu akikata matawi yote niliyoyaonea huruma. Wakachimba mashimo ya nguzo, wakaufunga kwa vipande vya gunia, kamba zikilegea kidogo ili mti ucheze bila kung'oka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa nyumba, suruali yangu imeenda na mabati.

Mti umechipuka. Matunda, msimu huu hakuna. Lakini naapa, ukianguka mwingine nitakata matawi siku hiyo hiyo, nitachimba shimo hata kwa mwamba, na mtu asiniambie habari ya kuoga kabla upepo haujatulia.