Spika ya msikiti na mlima uliopasuka Mlola

Jamani, leo nusura niunguze spika ya msikiti wakati tunaihitaji kuliko siku zote!

Mvua imeupasua mlima juu ya kijiji chetu cha ujamaa hapa Mlola. Ukungu umefunika bonde, nyumba za ng'ambo hazionekani.

Mwenyekiti wetu, Mama Shemdoe, akaniambia, "Mwalimu, leta ile mashine yako, watu wa ng'ambo waitwe wahame."

Mashine yenyewe ni kikuza sauti nilichokiunda kwa mchoro wa kitabu. Kitabu kinataka betri mbili. Mimi ninayo moja tu, ya lori.

Nikaiunga na spika ya msikiti, nikawasha.

Pu! Kisha kimya. Karatasi ya spika ikavimba nje, harufu ya kuungua ikaanza.

"Imekufa?"

"Bado, Mama," nikasema, nikang'oa waya. Kwa kweli sikuwa na hakika.

Ndipo nikaelewa. Ukitumia betri moja, nusu ya volti zake hubaki kwenye waya wa kutolea sauti, na zilikuwa zinamiminika ndani ya spika! Lazima kapasita ikae katikati, izuie umeme wa betri na kupitisha sauti.

Nikang'oa moja kwenye redio yangu, nikaisokota kwenye waya wa spika, nikawasha tena.

"Ndugu zetu wa ng'ambo, tokeni! Acheni vyombo!" Mama Shemdoe akaita, na sauti ikatoka.

Hakuna jibu.

Akarudia kwa Kishambaa. Ndani ya ukungu mzee mmoja akaitikia, kisha tukasikia watoto wakilia, wanakuja.

Alasiri udongo ulishuka, ukafunika nyumba zote zile.

Wenyewe wako darasani kwangu, wanakunywa uji. Wenzangu wa Soni, nani ana mablanketi?