Waya wa Kassian Uliotekwa na Mtani

Kassian wa Mtua alikuwa na plaizi. Tuanzie hapo, maana bila plaizi Kassian ni mtu wa kawaida kabisa, mfupi, mwenye masikio ya kumtosha mtu mwingine. Ilikuwa plaizi nyekundu ya kubania vichwa vya nyaya za mtandao, na aliitundika kiunoni upande wa kulia kama polisi na bastola yake. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo misa ya kwanza, na siku walipomzika baba yake mkubwa alitupia udongo kaburini huku inaning'inia. "Fundi hajui saa atakayoitwa," alisema. Siku ile hakuna aliyemwita.

Elimu yake aliipata chuoni Mtwara, miezi mitano katika kozi ya miezi kumi. Aliondoka walipofika kwenye kupanga mitambo, akasema walimu hawana jipya. Yaliyobaki alijaza kwa video za kwenye simu, na video, si unajua mwenyewe, hukatika bando likiisha. Kwa hiyo mambo mengi duniani Kassian aliyajua mpaka katikati.

Lakini tusimwonee. Alichokijua alikijua, na mdomo alijaliwa. Nachingwea nzima, ukitaka kuunganisha kompyuta zako za dukani na kamera, alikueleza mpaka bibi kizee akaelewa. Ruta, alisema, ni bawabu wa getini: ndiye anayeongea na watu wa nje, ndiye anayempa kila anayeingia namba yake ili wasigongane. Swichi ni mgawa chakula wa shughuli: sahani ikija anatazama ya nani, anaipeleka kwa mwenyewe. Bawabu mmoja anatosha nyumba nzima. Mgawaji mchague kwa idadi ya walaji, na umwongezee nafasi mbili tatu za wageni, maana duka likikua hutaki kununua upya. "Na usiviweke chini," alimalizia, "vumbi la dukani linakula chuma kuliko kutu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnasa Mama Hadija.

Mama Hadija aliuza pembejeo: salfa ya mikorosho, mabomba ya kupulizia, mbegu za ufuta, majembe. Alikuwa amejenga duka jipya Nachingwea, la pili linapigwa bati Ruangwa, na ghala dogo lilikuwa linakuja Mbekenyera. Alitaka yote matatu yaonane, akae kwenye kiti chake aone nani kauza nini. Alimwita Kassian, akamtazama toka plaizi mpaka kandambili.

"Nifungie hapa Nachingwea," alimwambia. "Siku ya ufunguzi mtandao ukisimama, Ruangwa na Mbekenyera ni zako, na nyumba ya kukaa Ruangwa nakupa. Usiposimama, Kassian, nitakufanya wimbo."

"Hilo dogo, mama," alisema Kassian.

Jioni hiyohiyo mkewe, Prisila, alikuwa amejua. Wiki haijaisha Mtua yote ilijua. Kassian anahamia Ruangwa kuwa mkuu wa mitandao. Prisila aliuza maandazi na chai pale stendi, meza aliyoipigania miaka sita. Akamkabidhi mdogo wake Lusiana, na masufuria juu, kwa sababu mke wa mkuu wa mitandao hawezi kukaanga maandazi. Kassian mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Mwenye nyumba naye aliambiwa atafute mpangaji mwingine, mpangaji akapatikana, akawa anapita kila asubuhi kupima madirisha kwa mapazia yake.

Sasa njoo kwenye kununua swichi.

Mama Hadija aliletewa mbili achague. Moja ya kawaida: unachomeka, inafanya kazi, haiulizi wala haijibu. Nyingine ya kupangwa, ambayo fundi huingia ndani yake kwa kompyuta akaipa amri: kamera zipite huku, mauzo yapite kule, na mtu akichomeka waya mmoja pande zote mbili kwa makosa, funga matundu hayo, wengine waendelee. Maana waya ukitoka kwenye swichi ukarudi kwenye swichi ileile, habari huzunguka hapohapo bila kituo, inajizalisha na kujizalisha, mpaka hakuna kompyuta inayosikia nyingine.

"Nipe ile yenye akili," alisema Mama Hadija. "Uwezo ninao."

Hapo Kassian alitokwa na jasho dogo nyuma ya masikio. Aliwahi kuazima swichi ya namna hiyo. Usiku mzima aliipa amri, na amri ya mwisho aliyoipa ilimfungia nje yeye mwenyewe. Aliirudisha kwa mwenyewe akisema imetoka na ubovu kiwandani.

"Mama, hiyo ni mbwembwe," alisema. "Hiyo ni ya mabenki. Duka lako litakwenda na hii ya kawaida miaka kumi. Mimi nikifunga kitu, kimefungwa."

"Una hakika?"

"Mama! Unamuuliza Kassian?"

Safina, binti wa kaunta, alikuwa anafuta vumbi la salfa kwenye meza. Aliinua macho, akayarudisha.

Kazi yenyewe, haki ya Mungu, ilikwenda. Nyaya zilipita darini zimenyooka, kila kichwa kilibanwa kikabana. Boksi la ruta na swichi lilitundikwa ukutani juu ya kaunta, kioo mbele, taa za kijani zikikonyeza. Kompyuta tatu zilisomana, printa ilitema risiti, kamera zilionyesha mpaka paka wa jirani. Kassian alikaa kwenye kiti cha Mama Hadija mwenyewe hayupo, akazunguka nacho mara mbili.

Akabaki mtu mmoja, Bakary.

Bakary alikuwa mtunza stoo wa Mama Hadija, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ukoo wake na ukoo wa Kassian ni watani toka kwa babu zao. Wao wakifiwa hawa ndio wanaochimba kaburi na kumcheka marehemu, na hawa wakifiwa ni hivyohivyo. Mtani anakutukana mchana kweupe, anakwapua jogoo wako, nawe unacheka. Anayekasirika ameshindwa, na analipa. Na siku yako ya furaha, iwe harusi, iwe nyumba mpya, mtani ana haki ya kuteka kitu chako kimoja mbele ya watu, mpaka ukikomboe. Ndiyo mila, na Bakary hakuwahi kuacha siku ipite bure.

"Oya, fundi," alimwambia asubuhi ya ufunguzi, "ninyi wa Mtua mmeanza lini umeme? Si juzi tu mlikuwa mnapuliza balbu izime?"

"Nasi tulizimaje na ninyi mmeiba balbu?" alijibu Kassian. Wakacheka wote. Mpaka hapo, raha tupu.

Watu walijaa. Wakulima kutoka Nanganga, akina mama wa vikoba, katekista na shehe kila mmoja na dua yake. Prisila alikuja na gauni la kitenge kipya, akasimama mbele kama mke wa mgeni rasmi. Mama Hadija alitaka kuuza mfuko wa kwanza wa salfa, risiti itoke, watu wapige makofi, wale pilau. Lakini kwanza fundi aseme neno.

Kumpa Kassian nafasi ya kusema neno ni kumpa fisi nafasi ya kulinda mzoga. Akaanza bawabu, akaja mgawa chakula, akapita Mtwara chuoni, akarudi. Mgongo wake kwa boksi, uso kwa watu. Ndipo Bakary alipopanda kigoda, akafungua kioo, akachomoa waya mmoja mfupi wa bluu, ule unaotoka kwenye ruta kuingia kwenye swichi. Akauchomoa kote kuwili, akaufunga kichwani kama kilemba.

"Nimemteka bibi harusi!" alipiga ukelele. "Nikomboe, mtani!"

Akina mama walipiga vigelegele. Kassian aligeuka, akacheka, akatoa kreti mbili za soda palepale. Hodari. Fundi mwenye busara hapo angenyoosha mkono, akachukua waya wake, akaurudisha mwenyewe. Ni pumzi moja tu. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na Prisila alikuwa anamtazama, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Urudishe mwenyewe!" alisema kwa sauti. "Nimefunga kitu ambacho hata mtani hawezi kukiharibu!"

Makofi yalipigwa. Bakary alipanda tena kigoda. Alikuta matundu, na tundu kwake ni tundu. Kichwa kimoja akakichomeka kwenye swichi. Kingine kwenye swichi ileile, tundu la pembeni. Akafunga kioo, akapangusa mikono, akaenda kwenye soda.

Taa zote zikawaka pamoja, zikazima pamoja, zikawaka, kama zimepagawa. Safina aliandika salfa mfuko mmoja. Kompyuta ikaganda. Ya pili ikaganda. Kwenye runinga kamera zilibaki na sura ya Kassian mdomo wazi, na haikuondoka.

"Subirini kidogo," alisema Kassian.

Walisubiri. Akazima kompyuta, akawasha. Akatoa simu, akajaribu kuingia kwenye ruta, hakuingia. Kichwani mwake jambo moja tu liligonga: mipangilio. Siku zote aliogopa mipangilio, kwa hiyo ugonjwa wowote aliuona ni huohuo. Akaomba pini. Mama mmoja wa Nanganga akachomoa ya kwenye mtandio, akampa. Ukibonyeza pale nyuma ya ruta kwa pini, sekunde kumi, inasahau kila kitu ilichofundishwa. Hilo Kassian alilijua. Ya kufuata baada ya hapo, na namba za kuirudishia, hakuwahi kuziandika popote.

Akabonyeza. Ruta ikasahau.

"Fundi," mtu alipaza sauti nyuma, "ukimaliza kumchoma sindano tuambie kama ni malaria!"

"Mwache, anaisomea talakini!"

Jasho lilimtoka Kassian mpaka shati likagandia mgongoni. Pilau ilikuwa inapoa, na mtu anayesubiri pilau hana huruma. Safina ndiye aliyesogea chini ya boksi, akasimama kwa ncha za vidole. Alifuata waya wa bluu kwa kidole chake, toka mwanzo mpaka mwisho, ambao haukuwa mbali.

"Kaka Kassian," alisema polepole, "huu mbona umetoka hapa ukaingia hapahapa?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapita kwa wakulima, shehe akatazama dari, katekista akakohoa. Prisila hakucheka. Alitazama chini, kwenye kitenge chake kipya.

Kassian alimrukia Bakary. Mfupi yule alimshika mrefu kwenye kola akamtikisa, soda ikamwagika. "Umeniua! Umefanya makusudi!"

Kicheko kikakatika. Bakary aliinua mikono yote miwili. "Jamani, mmeona? Mtani kakasirika. Si alisema nirudishe mwenyewe?"

"Alisema," watu waliitikia.

Mama Hadija alikuja taratibu. Alimwondoa Kassian mkono kwenye kola kama mtu anayeondoa mdudu. Waya uliwekwa mahali pake, lakini ruta ilikuwa bado mpya kama iliyotoka dukani asubuhi ile, haimjui mtu.

"Kassian," alisema, "ile swichi nyingine, niliyoitaka mimi. Leo ingefanyaje?"

Kassian alinong'ona.

"Watu wa nyuma hawakusikia."

"Ingefunga yale matundu mawili," alisema Kassian. "Kompyuta zingeendelea kuuza."

"Rudia. Yule mzee pale ni mzito wa sikio."

Akarudia. Mzee mzito wa sikio akasema asante.

"Na ulinikataza kwa nini?"

Hapa angeweza kudanganya. Alifungua mdomo kudanganya, uongo ukakataa kuja, maana hata huo alikuwa anaujua mpaka katikati. "Sijui kuipanga," alisema.

Risiti ya kwanza iliandikwa kwa mkono. Pilau ililiwa. Mama Hadija alitoa hukumu yake watu wakiwa bado wanatafuna: fundi kutoka Mtwara atakuja kuweka mambo sawa, Safina atakaa naye mwezi mzima ajifunze, na mtandao wa Ruangwa ataushika Safina. Kassian akitaka kuja aje, ya kuvuta nyaya darini, kibarua wa siku. Nyumba ya Ruangwa imeondoka. Akamwambia Kassian atoe jibu kabla hajanawa mikono.

Kassian alimtazama mkewe. Nyumba yao ya Mtua ilikuwa imeshapata mpangaji. Meza ya stendi ilikuwa na Lusiana, na Lusiana alikuwa palepale, anamega nyama, akatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

"Nitakuja, mama," alisema.

Prisila aliuliza swali moja tu, njiani. "Na vibarua wanalala wapi?"

Ruangwa, bati linapoiva saa saba mchana, dari ni tanuri la mkate. Kassian alitambaa kwa tumbo kati ya mbao, waya begani, macho yamejaa vumbi la msumeno. Chini yake Safina alikuwa anaita, "Vuta, kaka. Tena. Simama. Rudisha kidogo." Hakumsimanga hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kusimangwa.

Mama mmoja aliingia dukani na mtoto mgongoni, akaona boksi na taa zake. "Jamani pazuri," alisema. "Nani fundi hapa? Mjomba wangu Mbekenyera ana mashine ya kusaga, anataka kamera."

"Ni mimi, mama," alisema Safina.

"Na huyo anayekwaruza huko juu?"

"Anavuta waya."

Kassian alisikia. Alikohoa vumbi, akangoja aone kama kuna neno litakaloongezwa, jina hata. Waya ukatikiswa kutoka chini mara mbili. Akavuta.