Sufuria la Kuku wa Fundi Saa

Zamani ganda la papai lilikuwa na mwenyewe uani. Siku hizi linafungwa ndani ya mfuko wa plastiki kama maiti, likingojea lori la taka.

Fundi saa hakuukubali utaratibu huo. Tangu mkewe afariki, kila asubuhi, kabla hajagusa saa ya mtu, alikatakata maganda vipande vidogo, akayachanganya na ukoko wa wali uliolowekwa, kisha akagonga sufuria kwa kijiko mara tatu. Sufuria lilikuwa la marehemu, limebonyea ubavuni. Kuku wake wanne walikuja mbio kama akina mama waliosikia maji yametoka bombani. Mtetea mwekundu, aliyemwita Mwalimu Mkuu, aliwadonoa wenzake mpaka wakapanga foleni. Mbegu za tikiti mzee alimpa mkononi Chechemea, kuku aliyekatika kidole cha mguu.

"Kula, mama. Usiwaambie."

Kisha nyumba ikauzwa, na mwanawe akaja kumchukua akaishi naye ghorofa ya nne.

"Baba, kuku hawapandi ngazi."

"Wewe ulizipanda, na hata kamasi ulikuwa hujui kujifuta."

"Basi tuwachinje."

Mzee alimtazama mwanawe kama anavyotazama saa iliyoingia maji.

Aliwapeleka kwa fundi cherehani, mjane wa rafiki yake, mwenye ua mpana na ulimi mrefu. Akamwonyesha namna ya kukata maganda. Watu wa leo hata hilo hufundishwa. Ila sufuria alirudi nalo kwapani. Hilo mkono wake ulikataa kuliacha.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Shemeji, kuku wako wamegoma! Wamekaa juu ya mpera. Nimewamwagia chakula cha gunia, wananitazama kama nimewatukana."

"Umewaita?"

"Nimewaita mpaka majirani wamekuja."

Mzee alikata simu, akalitazama sufuria pale dirishani. Alijua wanachongojea. Alijua pia kwamba akilipeleka, halirudi.

Alishuka ghorofa zote nne nalo. Alipofika uani kwa shemeji yake aligonga mara tatu. Mpera ukatikisika, na Mwalimu Mkuu akatua wa kwanza, manyoya yamemtimka.

"Kumbe ni hilo tu!" fundi cherehani akang'aka. "Na wewe ukakaa nalo? Una roho ngumu, shemeji!"

"Lilikuwa la mke wangu."

Mama yule akasema taratibu, jambo lisilo la kawaida yake, "Basi nenda nalo. Nitagonga langu, watazoea."

"Watazoea kwa njaa. Sitaki." Akamkabidhi sufuria na kijiko. "Gonga. Tatu tu, na usigonge kwa hasira, si mlango wa mdeni wako."

Mama yule akagonga, kisha akalibeba kwenda kulitilia maganda. Mwalimu Mkuu akamtazama mzee, akalitazama sufuria, akageuka akamfuata fundi cherehani. Wenzake wakafuata.

"Shemeji, njoo basi uwaage!"

"Waache wale."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona: wamempa mgongo, mikia minne juu, vichwa vyote ndani ya sufuria. Alipapasa mfukoni, akatoa mbegu za tikiti, akaziacha juu ya jiwe ambako Chechemea angezifikia bila kusukumwa, kisha akarudisha geti polepole, asije akawashtua.